Irabu ya Sita

Sanduku la bati, chini ya kitanda, Isevya.
Ndani: koti zito lililoliwa na nondo,
picha ya vijana sita wamesimama thelujini,
mmoja tu mweusi, ndiye pekee aliyetabasamu,
na daftari lenye harufu ya tumbaku ya Urambo.
Ukurasa wa kwanza, mwandiko wa baba:
Herufi thelathini. Usiziamini sura zao.

Basi naanza, mwanafunzi wa marehemu.
В ina matumbo mawili kama be, lakini ni ve.
Н imevaa kanzu ya he; ivue, ni ne.
Р haipasui midomo, inaviringika ulimini.
Nimekuta КОРА, nikasoma kopa,
nikawaza: mzee ameacha deni Plovdiv?
Kumbe ni kora, gome la mti,
lile tunalolichuna mzima-mzima
kutengeneza mzinga wa nyuki.

Ukurasa wa nne: hawa huning'iniza "ile" mkiani.
Med ni asali, asali yoyote, hata ya dukani.
Medat ni ile. Ile tuijuayo sote wawili.
Chini yake kaandika kwa penseli: medat ya Sikonge,
akaikatia mstari, akairudia.

Halafu maneno yaliyonichekesha peke yangu usiku:
chai ni chai,
sapun ni sabuni,
dyukyan, duka,
sandak, sanduku (nami nimelikalia!),
hamalin, hamali.
Mji wangu uliota kwenye nyayo za mahamali.
Walibeba pembe, walibeba shaba na vitambaa;
nani aliwatwisha na haya, mengine kaskazini, mengine huku,
wala asiwadai ushuru?

Na kichwa! Huko, ndiyo ni kutikisa,
hapana ni kuinamisha kidevu.
Miaka mitano ilimharibu shingo.
Mama yangu, Nyamizi, bibi harusi wa wiki mbili,
aliuliza, "Nikuongeze ugali?"
Baba akatikisa kichwa kwa hamu yote.
Mama akafunika chungu.
Alilala na njaa hadi Ijumaa,
akiona haya kueleza kosa ni la nchi gani.

Ukurasa wa kumi na moja umechakaa kuliko yote.
Ъ. Irabu ya sita. Sisi hatuna.
Si a, si e, si u; iko katikati ya koo.
Kaandika: kama unaposhusha gunia begani,
kabla hujasema neno.
Nimejaribu mbele ya kioo, mara kumi, mara ishirini,
ndipo nikaitambua.
Ndiyo sauti aliyoitoa kila jioni
akiketi kuvua viatu.
Mama alimkanda mgongo kwa mafuta ya nyonyo
miaka thelathini.

Jambo la mwisho ni gumu, wino umefifia.
Kibulgaria hakikuruhusu kusimulia ovyo.
Ulichokiona kina kitenzi chake,
ulichosikia kina kingine.
Beshe: alikuwa, nami nilikuwapo.
Bil: alikuwa, eti, ndivyo nilivyoambiwa.
Sisi tungesema "inasemekana" tukapita zetu;
wao huiingiza shaka ndani ya mfupa wa neno.

Baba yangu Mihayo, ambaye jina lake kwa Kinyamwezi
ni Maneno, naye alikuwa mchache wa hayo,
kwenye kiti hiki, beshe.
Mkali kwa hesabu, laini kwa wagonjwa, beshe.
Kijana thelujini, meno nje,
akimcheka aliyeshika kamera,
bil.
Bil, bil, bil.
Sina kitenzi kingine cha kumpa.

Kulwa, mjukuu wake, amesimama mlangoni na picha:
"Shangazi, babu alikuwa na furaha huko?"
Nimetikisa kichwa.
Ameirudisha picha sandukuni taratibu, kama mtu anayefariji,
nami sijamwambia
nilitikisa kwa lugha ipi.